Kifuko cha Maji Katika Ini

Ndugu zetu walioko Kitengela, kaunti ya Kajiado, wamekaa katika nchi ya mifugo na mbwa wa kuilinda. Huko yapo maradhi ya vifuko vya maji katika ini, yaletwayo na tegu wa mbwa.

Mbwa huambukizwa kwa kula ini au pafu bichi lenye vifuko. Mwanadamu naye humeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha mbwa, kwa mikono, mboga au maji machafu.

Kifuko hicho si saratani, na huweza kukua miaka mingi pasi na maumivu. Lakini kikipasuka, huleta mzio mkali uwezao kuua. Basi mgonjwa asikandwe tumbo wala asichanjwe. Apigwe picha ya ultrasaundi, na tabibu aamue: dawa ya albendazoli, kunyonywa kwa sindano, upasuaji, au kungojea kwa uangalizi.

Sheria yetu yatuamuru kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa. Vivyo hivyo, siku ya udhia, ini lenye vifuko tulichome au tulizike katika shimo refu, tusimtupie mbwa. Ibada yetu isimletee maradhi mtoto wa jirani.

Wabillahi tawfiq.