Walifukuzwa kwa Kuijua Kazi

Mwishoni mwa Machi 2007, wauzaji wapatao 3,400 wa kampuni ya Circuit City nchini Marekani waliachishwa kazi kwa pamoja. Hawakuwa wameiba, wala hawakuwa wazembe. Kampuni yenyewe ilitaja sababu bila kuficha: mishahara yao ilikuwa imepanda kupita kiwango cha soko kwa kazi waliyoifanya, na nafasi zao zingejazwa na watu wa kulipwa kidogo zaidi. Waliotaka kurejea waliruhusiwa kuomba upya baada ya wiki 10, kwa ujira huo mdogo. Kabla ya miezi 20 kutimia, kampuni hiyo ilikuwa mahakamani ikiomba kukingwa dhidi ya wadai wake.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza duka la televisheni na kompyuta la ng'ambo linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu hoja iliyowafukuza wale wauzaji haina nchi. Huvaa suti, hubeba majedwali, na huingia katika ukumbi wowote ambamo bajeti inajadiliwa: “Hawa wa zamani wanatugharimu mno.” Kisa cha Circuit City ni mojawapo ya visa vichache vinavyotuonyesha hoja hiyo tangu ilipotamkwa hadi ilipofikia mwisho wake.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1949 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Samuel Wurtzel, alikuwa akinyolewa aliposikia kwa kinyozi habari za kituo cha kwanza cha televisheni kusini mwa Marekani. Akatambua kwamba penye matangazo patahitajika vyombo vya kuyapokea. Alifungua duka dogo katika sehemu ya mbele ya duka la matairi na kuliita Wards, jina lililoundwa kwa herufi za kwanza za ukoo wake na za watu wa nyumbani mwake.

Mwanawe, Alan Wurtzel, alishika uongozi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuikuta kampuni ikikaribia kufilisika. Aliuza matawi yasiyo na faida, akajaribu maduka makubwa yenye bidhaa nyingi chini ya paa moja, na mwaka 1984 kampuni ikachukua rasmi jina la Circuit City. Mafanikio yaliyofuata yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtafiti Jim Collins, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 2001, Good to Great, aliiweka miongoni mwa kampuni 11 za kupigiwa mfano. Kwa hesabu yake, katika miaka 15 tangu 1982 hisa za Circuit City zilileta faida mara 18.5 ya wastani wa soko.

Siri ya biashara ile haikuwa bidhaa. Televisheni iliyouzwa pale iliuzwa pia kwa washindani wake. Tofauti ilikuwa mtu aliyesimama kando ya televisheni. Faida ya chombo chenyewe ilikuwa nyembamba, na sehemu kubwa ya pato ilitokana na dhamana ya ziada ambayo mteja alishawishiwa kuinunua. Dhamana haijiuzi rafuni. Huuzwa kwa mazungumzo, na mazungumzo huhitaji mtu anayekijua chombo na anayeaminika. Wauzaji walilipwa kwa kamisheni, hivyo aliyeijua kazi alipata zaidi, na kampuni nayo ikapata zaidi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2003, miaka miwili tu baada ya sifa za Collins, kampuni ilifuta kamisheni na kuwaondoa wauzaji wapatao 3,900. Mshindani wake mkuu, Best Buy, alikuwa ameacha kamisheni zamani, na wateja wengi walipenda kutosukumwa wanunue. Hatua hiyo, basi, ingeweza kutetewa. Lakini waliobaki walipojifunza na kupandishwa mishahara kidogo kidogo, mwaka 2007 shoka liliwarudia. Safari hii halikuchagua mfumo wa malipo. Lilichagua watu, na kigezo kilikuwa kulipwa vizuri. Muuzaji wa dukani hulipwa vizuri kwa sababu chache sana, na kuu kati yake ni kudumu kazini na kuifanya vyema.

Wakati waliouchagua ulikuwa mbaya kupita yote. Mwaka huo familia za Marekani zilikuwa zikiacha televisheni za kisogo kirefu na kununua zile bapa za bei kubwa. Mteja aliingia dukani na maswali mengi kuliko alivyowahi kuwa nayo, akamkuta kijana aliyeajiriwa juzi. Mwezi uliofuata tu, kampuni ilitangaza kwamba mauzo yake, hasa ya televisheni kubwa, yalikuwa chini sana ya matarajio. Novemba 2008 ikaomba kinga ya mahakama. Januari 2009 ikatangaza kufunga maduka yake yote 567, na watu wapatao 34,000 wakapoteza kazi. Machi ya mwaka huo milango ya mwisho ilifungwa.

Haki inanitaka niseme kwamba kufukuzwa kwa wale 3,400 peke yake hakukuiua kampuni. Maduka mengi yalikuwa mahali ambapo wateja walikuwa wamepahama. Mwaka 2000 iliacha kuuza majokofu na mashine za kufulia, ikawaachia wengine soko hilo. Ilitumia mamia ya mamilioni ya dola kununua hisa zake yenyewe, fedha ambazo zingekarabati maduka. Kisha likaja anguko la uchumi la mwaka 2008, lililowakausha wanunuzi na wakopeshaji pia. Hata hivyo, dhoruba ile iliipiga Best Buy vilevile, nayo ikabaki imesimama. Dhoruba huwakuta wote, lakini jahazi lililowashusha mabaharia wake wazoefu bandarini huwa na sababu yake mahususi ya kuzama.

Best Buy nayo ilifikiwa na zamu yake mwaka 2012, wakati wengi waliamini kwamba ununuzi wa mtandaoni ungeimaliza. Mkuu mpya, Hubert Joly, alianza kwa kufanya kazi dukani huko Minnesota akiwasikiliza wauzaji. Gharama alizipunguza, lakini aliwarudishia wafanyakazi punguzo la bei walilokuwa wamenyang'anywa, na akaamua kushindana kwa bei na mtandao huku akitegemea ushauri wa watu wake dukani. Kampuni ikainuka.

Hoja yangu ni hii. Vitabu vya hesabu vina safu ya mishahara, havina safu ya maarifa. Mwenye uzoefu anapoondoka, akiba inaonekana mwisho wa mwezi, ilhali hasara haina mstari wa kuandikwa. Itajitokeza baadaye, katika jina jingine: mteja asiyerudi, faili lisiloonekana, kosa lililorudiwa kwa kuwa aliyelikumbuka hayupo. Tena kuna hasara ya pili, iliyo nzito zaidi. Waliobaki Circuit City walifundishwa kwamba bidii humpandisha mtu hadi mahali pa kukatwa. Taasisi ikishawafundisha watu wake somo hilo, haihitaji tena mshindani wa kuibomoa.

Simtetei mtumishi anayekalia kiti kwa kuwa tu amekizoea. Miaka mingi kazini si sawa na ujuzi, na asiyefaa aondolewe kwa kutofaa kwake, baada ya kupimwa. Ninachopinga ni kuutumia mshahara kama kipimo cha kosa. Mtumishi wa umma utakayeletewa jedwali la watu wa kupunguzwa, uliza swali moja kabla ya kutia saini: kila mmoja wa hawa anajua nini, na baada yake nani atakijua? Kama aliyeliandaa jedwali hana jibu, kazi yake haijakamilika. Mrudishie.