Serikali kuu ikifunga mfuko, majimbo ya Marekani yanaponea wapi?



Najua mada ya bima ya afya ya Marekani ukiitaja tu watu wanaanza kufungua ukurasa mwingine. Lakini nimeifuatilia tangu Serikali ya Marekani ilipofungwa Oktoba 2025, na naona kuna jambo halijaandikwa vya kutosha. Kila mtu anaandika Trump kasema nini na Democrat wamejibu nini. Mimi leo nataka tuwaangalie magavana na majimbo yao, maana huko ndiko watu wanakopona au kuumia.

Kwanza tuelewane kidogo. Sheria ya Obama ya 2010 ilisema hivi: kama kazini kwako hawakupi bima, unainunua mwenyewe, na kama kipato chako si kikubwa, serikali kuu inakulipia sehemu ya ada. Ruzuku hiyo ilianza 2014. Mwaka 2021, enzi za Corona, Bunge likaiongeza, halafu 2022 likaisogeza mpaka mwisho wa 2025. Matokeo yake? Mwaka 2021 walijiandikisha kama milioni 12. Mwaka 2025 wakawa kama milioni 24. Mara mbili hiyo!

Tarehe 31 Desemba 2025 ile nyongeza ikafa. Serikali ilikuwa imefungwa siku 43 kwa ugomvi huo huo. Tarehe 11 Desemba Seneti ilipiga kura ya kuirefusha miaka mitatu, wakakubali 51, wakakataa 48, ikashindikana kwa sababu zilihitajika 60. Taasisi ya KFF ilikadiria kwamba mwenye ruzuku aliyekuwa akilipa wastani wa dola 888 kwa mwaka angelipa 1,904 mwaka 2026. Wanaobanwa zaidi ni wale wa kati. Mtu mmoja akipata zaidi ya dola 62,600 kwa mwaka, ruzuku inakuwa sifuri. Ukizidisha dola moja tu, umeachwa.

Sasa turudi kwa majimbo. Swali la haraka ni: si yalipe yenyewe? Hapo ndipo penye kazi. Washington inaweza kukopa ili ilipie matumizi yake ya kila siku. Majimbo karibu yote yanabanwa na sheria zao, bajeti lazima isawazike. Kwa hiyo gavana akitaka kuongeza bima, lazima akate kitu kingine au apandishe kodi.

Tazameni California, jimbo tajiri kuliko nchi nyingi duniani. Kwa 2026 lilitenga dola milioni 190. Pesa iliyoondoka ni zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka. Basi ikabidi wachague: wakasaidia wenye kipato cha chini kabisa, mtu mmoja mpaka kama dola 25,800 kwa mwaka. Maryland nayo ikafidia kikamilifu wa chini na kuwapunguzia kidogo wanaofuata. Jimbo lililoweza kufidia ruzuku yote ni New Mexico. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mwaka 2021 lilipandisha kodi kwenye ada za bima na kuanzisha mfuko maalum wa kusaidia watu kumudu matibabu. Mvua iliponyesha wao tayari walikuwa na paa.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii: ukiangalia miaka kumi iliyopita, majimbo yaliyofanikiwa zaidi ni yale yaliyojua kuirudisha pesa ya serikali kuu kwa mlango mwingine. Pesa zao wenyewe zilikuwa chambo tu. Nitatoa mifano miwili.

Alaska, mwaka 2016. Ada za bima zilitarajiwa kupanda asilimia 42. Jimbo likaweka dola milioni 55 kuzisaidia kampuni za bima kulipia wagonjwa wenye gharama kubwa sana. Ada zikapanda kama asilimia 7 tu. Sasa ada ikiwa ndogo, na ruzuku ya serikali kuu inakuwa ndogo. Alaska wakasema: hicho mlichookoa tupeni sisi tuendeleze mpango. Mwaka 2017 wakakubaliwa, na majimbo mengi yakaiga.

Wa pili ni Oktoba 2017. Trump alisitisha malipo ambayo kampuni za bima zilikuwa zikipewa ili kuwapunguzia wanyonge gharama za hospitali. Majimbo 18 na jiji la Washington wakaenda mahakamani kuomba malipo yasisimame. Jaji akawakatalia. Lakini sikieni ujanja: wasimamizi wa bima katika majimbo mengi walikuwa wameshaziruhusu kampuni kuipandisha gharama hiyo kwenye bima ya daraja la fedha. Na ruzuku ya serikali kuu inapimwa kwa bei ya daraja hilo hilo. Bei ikapanda, ruzuku ikapanda nayo, Washington ikajikuta inalipa. Mkono wa kulia uligoma, wa kushoto ukatoa.

Tatizo la 2026 ni kwamba hakuna mlango wa namna hiyo. Safari hii kilichokatwa ni ruzuku yenyewe. New York ilikuwa na mpango usio na ada ya mwezi, wenye watu kama milioni 1.7. Sheria mpya ya Julai 2025, kwa hesabu za jimbo, inawaondolea dola bilioni 7.5 kwa mwaka. Septemba 2025 wakaomba kurudi kwenye mpango wa zamani, ule mdogo, ili waokoe wengi. Gharama yake ni watu kama 450,000 kutolewa nje. Hiyo ndiyo hali: unaamua nani abaki kwenye mtumbwi.

Na jamani, hili linatugusa. Marekani ipo jamii kubwa ya Wakongo wanaoongea Kiswahili. Mwaka 2023 na 2024 Congo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wakimbizi waliopokelewa huko. Sheria hiyo ya Julai 2025 inasema kuanzia 2027 ruzuku itabaki kwa raia, wenye kadi ya ukaazi wa kudumu na makundi machache tu. Mkimbizi ambaye bado hajapata kadi hiyo anatolewa. Ongezeni madereva wa teksi, wasusi na ndugu zetu wote wanaojiajiri, ambao hakuna mwajiri wa kuwapa bima. Kwao jimbo unaloishi limekuwa kama ukoo: ukizaliwa au ukihamia pazuri unatibiwa, ukikosea unajitegemea.

Kwa mtazamo wangu, magavana wanafanya kazi ya kuziba viraka, na wengine wanaziba vizuri sana. Lakini shuka ni la Washington. Anayetuambia kwamba "majimbo yatamudu" akaangalie hesabu ya California: milioni 190 dhidi ya bilioni 2.

Wadau mlioko huko, ada yenu ya mwezi ilibadilikaje Januari 2026, na mko jimbo gani? Tuandikieni hapo chini, tulinganishe.