Kompyuta Yangu Haijui Kĩkamba

Nikiwasha laptopu yangu ya Debian, inatambua mara moja kwamba kuna kibodi. Haitambui naandika lugha gani. Kibodi nyingi za USB hazitaji nchi yake, kwa hivyo mashine inafuata faili moja: /etc/default/keyboard. Kwangu ilisema XKBLAYOUT="us". Yaani Marekani, na mimi niko Kitui.

Nilipoacha chuo nilichapa kazi za watu kwenye saiba moja Wote, Makueni. Mama mmoja akaniletea historia ya ukoo wao. Nikaichapa bila ĩ wala ũ. Akaisoma polepole, akauliza, "Kijana wangu, hii ni lugha gani?" Nikamjibu mashine haina hizo herufi.

Nilimdanganya. Linux ina mpangilio wa Kenya, "ke", na chini yake "kik", wa Kikuyu, wenye ĩ na ũ. Ni kubadilisha mistari miwili, uwashe upya, basi.

Msiniambie ati "si wataelewa tu". Na hata hapo tunaazima kwa jirani: Kĩkamba chenyewe hakiko kwenye orodha. Orodha hiyo iko wazi kwa yeyote kuongeza. Sasa nyinyi madevelopa wa Kitui na Makueni, na mimi nikiwemo, tunangoja nani?