Umeacha Nyama? Samaki Gani Basi?

Siku hizi hapa Uingereza wenzetu wengi wameacha nyama, wanakula samaki tu. Wengine duka la nyama halali liko mbali na chuo, wengine bei imewashinda, na wako walioingiwa na hofu tangu mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walipotangaza kwamba nyama za kusindika kama soseji husababisha ugonjwa huo. Sina ugomvi nao. Ninachobisha ni ile imani kwamba ukishasema "mimi nala samaki" basi afya umeshaipata. Samaki gani, ndugu yangu?

Chungulia kabati la jikoni la mwanafunzi: jodari wa kopo, jodari wa kopo, na mayonezi. Protini anayo, hilo halina ubishi. Lakini wataalamu wa hapa hawamhesabu kuwa samaki wa mafuta, maana ile omega-3 tunayoifuata kwa ajili ya moyo ni kidogo mle koponi. Wanashauri tule samaki angalau mara 2 kwa wiki, na mara 1 awe wa mafuta: sadini, makrili, salmoni. Hao ndio wenye vitamini D, na sisi weusi inatuhusu hasa. Tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la hapa halituletei vitamini hiyo, na ngozi yetu hata wakati wa joto inataka jua zaidi. Samaki peke yake hatoshi. Kidonge cha maikrogramu 10 kwa siku si anasa.

Halafu kuna zebaki. Mimi mhandisi, si daktari, ila hesabu yake nyepesi: inaingia kwa vidudu vya majini, samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na kila hatua inaongezeka. Ndiyo maana papa na nduwaro wanayo nyingi. Najua papa mkavu anayefika ndani ya sanduku kutoka nyumbani ni mtamu, jamani. Lakini dada mwenye mimba, au anayeitafuta, aachane naye kabisa, na jodari asizidi makopo 4 kwa wiki, kwani zebaki inadhuru ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto tumboni.

Tena kwa dada zetu kuna suala la damu. Mwanamke wa miaka 19 hadi 49 anahitaji miligramu 14.8 za madini ya chuma kwa siku, mwanamume 8.7 tu, na samaki wengi wana chuma kidogo kuliko nyama nyekundu. Ukiacha nyama bila kuongeza maharage, dengu na mboga za majani, kizunguzungu kitakukuta kwenye mitihani halafu usingizie baridi. Na ile chai tunayoteremshia chakula inazuia chuma kisiingie mwilini. Kamulia ndimu, chai ingoje.

Mimi nasema turudi kwa samaki wadogo. Nyumbani dagaa tunamwona chakula cha kubana matumizi, kumbe analiwa na mifupa yake, kalisiamu tele, zebaki kidogo. Sadini wa kopo ni ndugu yake. Mkaangie kitunguu na nyanya, mwagia tui la kopo, ugali pembeni. Fungua dirisha mapema tu, kengele ya moshi ya hosteli haina urafiki.