Mcheza kwao hutuzwa: Somo la Goodison Park kwa klabu zisizo na kwao

KIPENGA cha mwisho kilipopulizwa katika uga wa Goodison Park jijini Liverpool mnamo Mei 18, 2025, Everton walikuwa wameinyuka Southampton mabao 2-0. Yote mawili yalifungwa na Iliman Ndiaye, mshambulizi wa timu ya taifa ya Senegal. Kwa kawaida, ushindi dhidi ya timu ambayo tayari imeshushwa daraja husahaulika kabla ya wiki kwisha. Siku hiyo, hata hivyo, wazee kwa vijana walibaki vitini wakibubujikwa na machozi. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kikosi cha wanaume cha Everton katika uga ambao klabu hiyo iliufanya makao yake tangu mwaka 1892.

Asiye shabiki huenda akashangaa. Je, mtu mzima anawezaje kulilia kuta, nguzo na viti vya mbao? Jibu linapatikana katika maisha ya shabiki mwenyewe.

Tuchukue mfano wa shabiki aliyezaliwa karibu na uga huo, katika mtaa wa Walton, mwaka 1955. Alipokuwa na umri wa miaka minane, huenda babake alimbeba mabegani mwezi Mei 1963 kushuhudia Everton wakiilaza Fulham 4-1 na kutawazwa mabingwa wa Uingereza. Akiwa na miaka 11, Kombe la Dunia lilimfuata nyumbani kwao. Goodison uliandaa mechi tano za fainali za 1966, ikiwemo nusu fainali kati ya Ujerumani Magharibi na Muungano wa Sovieti. Hapo ndipo Ureno, waliokuwa nyuma kwa mabao 3-0 dhidi ya Korea Kaskazini, waligeuza mambo na kushinda 5-3. Mabao manne kati ya hayo yalitoka miguuni mwa Eusébio, mwana wa Msumbiji aliyezaliwa katika jiji ambalo leo huitwa Maputo.

Shabiki huyo alipotimu miaka 30, Everton waliizaba Bayern Munich 3-1 katika nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, Aprili 1985, na mwezi uliofuata wakalitwaa taji lenyewe. Akiwa na miaka 39, aliiona klabu yake ikichungulia kaburi. Mnamo Mei 7, 1994, Everton walikuwa wakihitaji ushindi ili waepuke kushushwa daraja, nao wakajikuta nyuma 2-0 dhidi ya Wimbledon kabla ya kushinda 3-2. Miaka minane baadaye, mvulana wa miaka 16 kwa jina Wayne Rooney alivurumisha kombora lililowazima Arsenal 2-1 katika dakika za mwisho, na kukatiza msururu wao wa mechi 30 za ligi bila kushindwa.

Mwaka 2025 shabiki huyo amefikisha umri wa miaka 70. Babake hayupo tena. Kiti alichokalia mzee, ngazi walizopanda pamoja na nguzo iliyowaziba wasione lango moja ndivyo vitu vilivyosalia vya kumkumbusha. Shabiki wa aina hiyo si mmoja, wapo maelfu. Kwao, kuhama kwa klabu kulikuwa sawa na kuuza nyumba ya urithi.

Kwa baadhi yao, neno urithi halina hata chembe ya sitiari. Kwa miaka mingi, jamaa za mashabiki waliofariki waliruhusiwa kuzika majivu ya wapendwa wao kandokando ya uga. Kufikia mwaka 2004 klabu ililazimika kukataa maombi mapya kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, baada ya watu zaidi ya 800 kuzikwa hapo. Hata gwiji wa klabu, William Ralph Dean, ambaye mabao yake 60 katika msimu mmoja wa ligi, 1927-28, ni rekodi ambayo haijavunjwa, alikata roho Goodison. Aliugua ghafla na kufariki mnamo Machi 1, 1980, alipokuwa akitazama Everton wakivaana na watani wao wa jadi, Liverpool.

Hata hivyo, historia ya Goodison haikuanza kwa mapenzi. Ilianza kwa ugomvi wa kodi.

Everton, iliyoasisiwa mwaka 1878 na vijana wa kanisa la St Domingo, ilikuwa mpangaji katika uga wa Anfield kuanzia 1884. Ndiyo, Anfield hiyo hiyo ambayo leo ni ngome ya Liverpool. Everton walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa ligi mwaka 1891 wakiwa hapo. Lakini kadiri klabu ilivyopata umaarufu ndivyo John Houlding, mfanyabiashara wa pombe aliyeusimamia uwanja huo, alivyozidi kupandisha kodi, kutoka pauni 100 kwa mwaka hadi 250. Wanachama walikataa. Wakiongozwa na George Mahon, walivuka bustani ya Stanley Park na kujipatia kiwanja cha Mere Green, mwendo usiofika maili moja. Houlding alibaki na uwanja usio na timu, akaamua kuunda timu yake. Hivyo ndivyo Liverpool ilivyozaliwa mwaka 1892.

Tukio hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Mpangaji aliyefukuzwa alijijengea nyumba, na nyumba hiyo ikawa mojawapo ya viwanja vikuu vya kwanza nchini Uingereza kujengwa mahususi kwa ajili ya kandanda. Kizazi kimoja kiliongeza jukwaa, kingine kikaongeza paa. Mhandisi Archibald Leitch aliacha alama yake katika jukwaa la Bullens Road, ambalo vyuma vyake vilivyopishana vinatambulika hadi leo. Kufikia mwaka 1938 Goodison ulikuwa na majukwaa ya ghorofa mbili pande zote nne. Kanisa la St Luke lilibaki limejibanza katika pembe ya uga, baina ya majukwaa mawili. Septemba 18, 1948, watu 78,299 walifurika kutazama debi ya Everton na Liverpool, rekodi ya uwanja huo. Hakuna uga mwingine wa Uingereza ulioandaa mechi nyingi zaidi za daraja la juu.

Iwapo hali ni hiyo, kwa nini wakahama? Sababu kuu ni pesa, na si haki kuwalaumu wakuu wa klabu kwa hilo pekee. Baada ya viti kuwekwa kila mahali, Goodison ulikuwa ukibeba watu wasiozidi 40,000. Mashabiki wengi waliketi nyuma ya nguzo. Nafasi za kuwahudumia matajiri na wafanyabiashara, ambao ndio wanaoleta faida katika soka ya leo, zilikuwa finyu, na nyumba za wakazi ziliubana uwanja kila upande. Mpango wa kuhamia King's Dock ulisambaratika mwaka 2003, na ule wa Kirkby ukakataliwa na serikali mwaka 2009. Hatimaye klabu ilijenga uwanja mpya katika gati ya Bramley-Moore, kando ya mto Mersey, wenye nafasi ya watu zaidi ya 52,000. Mechi ya kwanza ya ligi ilisakatwa huko Agosti 24, 2025. Everton waliilaza Brighton 2-0, na bao la kwanza likafungwa na Ndiaye yule yule aliyefunga pazia la Goodison.

Uwanja huo mpya pia ulikuwa na gharama isiyopimwa kwa pauni. Julai 2021, shirika la UNESCO liliondoa bandari ya Liverpool katika orodha ya Turathi za Dunia, na ujenzi wa uwanja huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mashabiki walipata viti vizuri, jiji likapoteza hadhi.

Kwa miaka kadhaa mpango uliokuwepo ulikuwa kuubomoa Goodison na kujenga nyumba na vituo vya huduma kwa jamii. Ndiyo hatima iliyovikumba viwanja vingine. Highbury wa Arsenal uligeuzwa nyumba za kuishi baada ya 2006, na Upton Park wa West Ham ukabomolewa baada ya 2016. Lakini siku chache tu kabla ya mechi ya Southampton, Everton, ambayo sasa iko mikononi mwa wamiliki kutoka Marekani, ilitangaza kuwa Goodison hautabomolewa. Ungekuwa makao ya timu ya wanawake kuanzia msimu wa 2025-26.

Kuna haki fulani ya kihistoria katika uamuzi huo. Desemba 26, 1920, timu ya wanawake ya Dick, Kerr, iliyoundwa na wafanyakazi wa kiwanda mjini Preston, ilicheza na wenzao wa St Helens papo hapo Goodison ili kuchangisha fedha za hisani. Watu wapatao 53,000 waliingia, na maelfu wengine wakafungiwa nje. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 5, 1921, Shirikisho la Soka la Uingereza lilipiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya wanachama wake, likidai mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 50. Wanawake waliofukuzwa licha ya kuujaza uga sasa wamerudi wakiwa wenye nyumba.

Yapo ya kutiliwa shaka. Timu ya wanawake haitaujaza uga mkubwa kila wiki, na kuukarabati uwanja mkongwe ni ghali. Biashara zilizokuwa zikitegemea umati wa wikendi mtaani Walton hazina hakika ya kesho. Hata hivyo, mzee wa miaka 70 bado anaweza kumshika mjukuu wake mkono na kupanda naye ngazi zile zile. Wenzake wa Highbury na Upton Park walinyimwa nafasi hiyo.

Kwa msomaji wa Kenya, habari hizi si za mbali jinsi zinavyoonekana. Novemba 6, 2018, Gor Mahia walitia mguu katika nyasi hizo hizo za Goodison na kulimwa 4-0 katika mechi ya kirafiki. Timu hizo zilikuwa zimekutana mara ya kwanza jijini Dar es Salaam Julai 2017, Everton wakashinda 2-1. Julai 2019 Everton walitua Nairobi na kupigwa na Kariobangi Sharks kwa penalti katika uga wa Kasarani. Vijana wa K'Ogalo waliorejea kutoka Liverpool walikuwa wameona jambo ambalo klabu yao, bingwa wa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, haijawahi kuwa nalo: nyumba yake yenyewe.

AFC Leopards ilizaliwa 1964 na Gor Mahia 1968. Zaidi ya nusu karne baadaye, klabu hizo mbili zenye mashabiki wengi zaidi nchini bado ni wapangaji katika viwanja vya serikali kuu na kaunti. Leo wako Nyayo, kesho City kando ya barabara ya Jogoo, kesho kutwa wanafunga safari hadi Machakos, Kisumu au Kakamega. Uwanja ukifungwa kwa ukarabati, au ukihitajika kwa sherehe ya kitaifa, mpangaji hana usemi. Mapato ya lango nayo hugawanywa kabla hayajamfikia mchezaji. Azam FC ya Tanzania, klabu changa ikilinganishwa na hizi, imekwisha kujijengea uwanja wake Chamazi.

Hata timu ya taifa imeonja adha hiyo. Juni 2024 Harambee Stars walilazimika kuandaa mechi zao za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, na Septemba mwaka huo wakawa wenyeji wa Zimbabwe jijini Kampala, kwa sababu hakuna uga wa Kenya uliokuwa umeidhinishwa. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Asiye na kwao atatuziwa wapi?

Ni kweli kwamba fedha nyingi zimemiminwa katika viwanja tangu Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Kasarani ulikarabatiwa na ukashuhudia umati mkubwa katika mashindano ya CHAN Agosti 2025, na ujenzi wa uwanja wa Talanta jijini Nairobi ulianza mwaka 2024. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini hivyo ni viwanja vya taifa. Havijibu swali ambalo wanachama wa Everton walijiuliza mwaka 1892 walipochoka kupandishiwa kodi.

Wanachama hao hawakuanza na majukwaa ya ghorofa mbili. Walianza na kiwanja kitupu kilichohitaji kusawazishwa, pamoja na uamuzi kwamba hawatakuwa tena wapangaji. Gor Mahia na Leopards zina wafuasi wengi kuliko waliokuwa nao Mahon na wenzake. Kinachokosekana ni viongozi watakaohesabu kila shilingi ya mwanachama hadharani, na wanachama watakaokubali kuchangia ekari chache hata kama majukwaa yatakaliwa na wajukuu wao.