Mambo ya Nyumbani: Je, Kizazi Chafungwa Bila Kisu?



Mwezi huu twataka kunena juu ya neno ambalo akina mama huulizana kwa sauti ya chini, kisimani au njiani watokapo gulioni. Mama amekwisha kuzaa mara saba; uzazi wa mwisho ulimtoa damu nyingi, na daktari amemwonya asichukue mimba tena. Lakini aogopa kupasuliwa. Huku kwetu Mgwashi njia zapanda na kushuka, na mwanamke ndiye abebaye kuni na maji. Akilazwa, nani atapalilia maharagwe? Kwa hiyo auliza: Hakuna dawa ya kufunga kizazi moja kwa moja, pasipo kisu? Mithali yasema, Mficha uchi hazai. Yafaa basi ajibiwe waziwazi.

Jibu letu ni hili: katika huduma za uzazi wa mpango za nchi yetu dawa hiyo haipo. Na atakayekuja kumwuzia mama dawa ya namna hiyo, kwanza aulizwe maswali.

Tufahamu jambo lenyewe. Yai la mwanamke hupita katika mirija miwili membamba mpaka kufika katika mji wa mimba. Mirija ikizibwa, mbegu ya mume na yai havikutani. Wataalamu wengi wametafuta namna ya kuiziba kwa kupitia njia ya uzazi, bila kupasua tumbo, nasi tutataja majaribio mawili yaliyojulikana sana.

La kwanza ni la kwinakrini, dawa ya malaria waliyoimeza askari wengi katika Vita Kuu ya Pili. Daktari Jaime Zipper wa Chile aligundua kuwa ikitiwa katika mji wa mimba huunguza midomo ya mirija, na kovu lake huiziba. Mwaka 1993 ilitangazwa kuwa wanawake 31,781 wa Vietnam walikuwa wametiwa vidonge hivyo. Lakini dawa ilikuwa imetangulia, na uchunguzi wa madhara yake ulikuwa nyuma. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilisema isitumiwe kwa kazi hiyo mpaka ichunguzwe kwanza. Mwaka 1998 India iliikataza. Baadaye panya waliojaribiwa kwa dawa hiyo walionekana na uvimbe wa saratani.

La pili ni Essure, springi mbili ndogo za madini zilizoingizwa katika mirija. Marekani iliziruhusu mwaka 2002. Wanawake wengi walizipokea kwa furaha kwa sababu hapakuwa na kisu. Kisha wengine wakalalamika kwa maumivu na kutokwa damu. Wengine springi zilitoboa mrija au kuhama mahali pake, wakalazimika kupasuliwa ili zitolewe. Kampuni ya Bayer iliacha kuziuza Marekani mwishoni mwa mwaka 2018, na mwaka 2020 ilikubali kulipa kama dola bilioni 1.6 kumaliza mashtaka mengi. Tazameni, waliokikimbia kisu, baadhi yao walikutana nacho mbele.

Wataalamu wangali wanatafuta njia nyingine, wala hatuwalaumu. Ama mizizi na majani yasemwayo kuwa hufunga kizazi kabisa, hakuna hata moja lililothibitishwa. Mama hunywa, huamini amefunga, kisha huchukua mimba ile ile aliyoonywa, au hudhurika kwa sumu.

Basi, afanyeje? Twaona milango mitatu.

Mlango wa kwanza: kukifahamu kisu chenyewe. Kufunga kizazi kwa mama siku hizi ni jeraha dogo lisilofika sentimita 5. Mara nyingi hutiwa ganzi mahali pale tu, naye yu macho, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Hupumzika siku mbili, na kwa muda wa juma moja habebi mzigo mzito. Hata hivyo, katika wanawake 100, wapata 2 huchukua mimba ndani ya miaka 10.

Mlango wa pili: njia ya miaka mingi isiyo ya milele. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 na zaidi. Mama aliyewekewa akiwa na miaka 40 chaweza kumfikisha mpaka hedhi ikome. Mwezini damu yaweza kuzidi, basi mwenye upungufu wa damu aseme mapema. Vijiti vya mkononi hukaa miaka 3 au 5 kwa namna yake, navyo huvuruga mpangilio wa hedhi. Nguvu ya njia hizi hukaribia ile ya kufunga, na mama akibadili nia hutolewa.

Mlango wa tatu ni wa baba. Mwaka 1974 Daktari Li Shunqiang wa China alianzisha njia ya kufunga mirija ya mume kwa tundu dogo tu, bila kisu. Kisu anachokiogopa mama, basi, kwa baba chaweza kuepukwa. Jambo hili si kuhasiwa kama fahali ahasiwavyo. Nguvu na hamu hubaki. Ila miezi 3 ya kwanza watumie kinga nyingine, kwa maana mbegu zilizobaki hazijaisha.

Hakuna katika njia hizi ikingayo UKIMWI. Kwa hilo kuna kondomu.

Twajua Wakristo hawana neno moja hapa. Waanglikana katika mkutano wa Lambeth wa 1930 walikubali kinga kwa masharti. Papa Paulo wa Sita mwaka 1968 alikataza. Kila nyumba itapima kwa mafundisho ya kanisa lake. Lakini ipime ikijua kweli, wala si kwa uvumi wa gulioni.

Ninyi akina baba, msimwache mama aende peke yake. Fuatana naye zahanati au hospitali, kama ile ya Bumbuli, mkaulize pamoja: hudumu muda gani? Hutolewaje? Nikidhurika nirudi wapi? Wala asitie sahihi akiwa katika uchungu wa kuzaa, kwa maana lililofungwa ni shida kufunguliwa. Na akichagua kisu, juma lile moja kuni na maji ni kazi yako.