Jicho limeharibika, na dosie iko wapi?

Hapa Goma, jicho likiharibika kisha operesheni, familia inaambiwa moja kati ya maneno mawili: ni mapenzi ya Mungu, ao mgonjwa alichelewa kuja. Inalipa, inarudi Ndosho ao Majengo, inanyamaza. Halafu tunasikia kwamba wakaaji wa kwetu hawapendi kushitaki madaktari. Si kweli. Hawana cha kupeleka mbele ya hakimu.

Sheria ipo. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, tangu 1888, kinasema anayemuumiza mwenzake kwa kosa lake lazima alipe. Lakini ni mgonjwa ndiye anapaswa kuonyesha kosa. Ataonyesha na nini? Risiti? Dosie imebaki kwenye kabati la kliniki, na ukiomba kopi unaangaliwa kama mwizi.

Chukua laser, ile operesheni ya kuachana na miwani, ambayo mwenye dola anaifuata nje ya nchi. Mwaka 2005, huko New York, baraza la mahakama liliamua mgonjwa mmoja alipwe zaidi ya dola milioni 7. Vipimo vya kabla ya operesheni vilikuwa na alama kwamba konea yake, kile kioo cha mbele ya jicho, haikufaa kupigwa laser. Bila karatasi ile ya vipimo, angeshinda namna gani?

Si kila shida ni kosa. Macho kukauka, taa kuonekana na duara usiku: hayo hutokea hata daktari akifanya vizuri. Ndiyo maana yaelezwe mapema, kwa Kiswahili, siyo kwa karatasi ya Kifaransa inayosainiwa mgonjwa akiwa tayari amelala kitandani. Na katika mji huu wa vumbi la lava, macho makavu si jambo dogo. Muulize dereva wa pikipiki.

Najua jibu: madaktari wa macho ni wachache, mukiwashitaki watakimbia. Lakini daktari aliyefanya kazi safi, dosie ndiyo itamtetea wa kwanza. Na wanaosema mahakama za serikali hazifanyi kazi hapa tangu Januari 2025, hiyo ni sababu zaidi: karatasi inaweza kungojea hakimu, kumbukumbu ya mgonjwa haiwezi.

Mgonjwa atoke na kopi: vipimo vya kabla, ripoti ya operesheni, jina la aliyeshika kisu. Kliniki itakayoanza, nitaitaja redioni bila kuomba hata faranga moja.